Makaburi ya Tongoni ni ya nani?

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie. Nimechoka na hii hadithi ya "magofu ya Waarabu".

Ukitoka Tanga mjini kwa njia ya Pangani, kama kilomita 17 hivi, unafika kijiji cha Tongoni. Pale kuna msikiti uliobomoka na makaburi kama 40 ya wakubwa wa mji uliostawi karne ya 15. Mengi ni makaburi ya nguzo, na nguzo karibu zote zimeanguka. Jina lenyewe linasema: tongo ni mahali palipohamwa.

Sasa eti mwalimu anaingia darasani: "Yalijengwa na Washirazi kutoka Uajemi." Nukta. Jamani! Kaburi la nguzo ni la pwani yetu hii, kuanzia Somalia hadi huku kwetu. Huko Uajemi hulikuti. Mawe ni matumbawe ya bahari ile ile, na vile vishimo ukutani viliwekwa bakuli za Kichina ili kila mpita njia ajue aliyelala pale alikuwa nazo!

Mtaniuliza, "na DNA je?" Sawa, twende. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa mifupa ya makaburini, ikiwemo ya wakubwa wenzao wa Manda na Mtwapa kule Kenya. Damu ya Uajemi imo, hasa upande wa baba. Ya Afrika imo pia, hasa upande wa mama, na kwa wengi inazidi nusu. Kwa hiyo anayesema Uajemi haumo kabisa anadanganya, na anayesema walikuwa wageni anawafuta mama zao.

Kwani kuna ubaya gani? Ubaya upo. Kitu kikishaitwa cha wageni, hakuna anayeona uchungu kikianguka. Bakuli ziling'olewa, nani alilia? Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, lakini sheria haina macho. Macho ni ya wanakijiji, nao tumewaambia si kwao.

Mi nasomea ualimu, ndo maana inaniuma. Mtoto wa Tanga anakariri piramidi za Misri wakati Tongoni ni nauli ya daladala tu. Walimu watarajiwa wenzangu, tusisubiri mtaala, tuwapeleke.

Anayepinga aje na hoja, matusi abaki nayo.