Umuravumba Hauogopi Maabara

Sokoni Gisenyi, na kwa wanaovuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Goma, mabishano ya miti shamba yana hoja zilezile. Nazijibu kwa sababu gharama yake hulipwa na wagonjwa.

"Wazee walijua bila maabara." Ni kweli, walijua. Watu wa Rwanda walitibia kikohozi na homa kwa mti wa umuravumba kabla mkemia yeyote hajaugusa. Nao watafiti wa kituo cha CURPHAMETRA, Butare, waliufuata mti huo kwa sababu waganga waliutumia. Luc Van Puyvelde na wenzake walitenganisha viini vya majani yake hatua kwa hatua, wakijaribu kila sehemu juu ya bakteria na kuvu, hadi wakapata kiini kimoja, cha jamii ya kemikali ziitwazo ditapeni, chenye nguvu ya kuvizuia. Matokeo yakachapishwa mwaka 1986. Mganga alipata shahidi. Hata hivyo, kuzuia bakteria kwenye kisahani bado hakujawa kumponya mtu, na anayeuza chupa sokoni kwa jina la utafiti huo anamdanganya mnunuzi.

"Cha asili hakidhuru." Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, unga wa lishe uliochafuliwa na sumu za mmea wa datura uliwadhuru mamia ya watu, na watano wakafariki. Atropini iliyomo kwenye datura ndiyo hiyohiyo daktari humchoma mgonjwa ambaye moyo wake unapiga polepole mno. Kinachotofautisha dawa na sumu hapo ni kipimo, na kipimo hakionekani kwa macho wala kwa ladha.

"Chai ya artemisia yatosha kwa malaria." Hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Artemisinini, dawa iliyomo ndani ya mmea huo, haiyeyuki vizuri majini, na kiasi chake hutofautiana kati ya shamba na shamba, mbegu na mbegu. Tu Youyou wa China alisoma maandishi ya kale ya tiba, akaacha kuchemsha, akatumia etha yenye joto dogo. Hapo dawa ikapatikana, na mwaka 2015 akatunukiwa Nobeli. Chai yenye dawa kidogo inaweza kumpoza mgonjwa siku mbili huku vimelea vikibaki damuni. Rwanda haina nafasi ya kucheza hivyo: mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba vimelea vyenye badiliko la jeni liitwalo R561H, linalohusishwa na usugu kwa artemisinini, vimeonekana nchini. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa kinga wala kwa tiba. Mtoto mwenye homa apimwe kwanza; akikutwa na malaria, apewe dawa mseto hadi dozi iishe.

"Watafiti wataiba ujuzi wetu." Hapa walalamikaji wana haki. Lakini kuficha mmea hakumlindi mganga, atakufa nao. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inadai ridhaa na mgao wa faida. Basi mganga wa hapa wilayani Rubavu adai makubaliano ya maandishi, yenye jina lake na la mti, kabla jani la kwanza halijapakiwa.