Hata Punda Apumzike

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu nilikuwa nikifuta. Nimefuta programu kumi na moja kwenye simu, na tatu kati yake zilikuwa za maombi. Moja ilinikumbusha kusali saa kumi na moja alfajiri, ya pili ilihesabu siku nilizosoma Biblia mfululizo, na ya tatu ilinipa mstari wa siku ambao niliusukuma kwa kidole nikikimbilia matokeo ya mpira.

Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa wetu: tukiona shida, tunaongeza kitu. Tukisikia mahubiri ya kuishi maisha mepesi, tunarudi nyumbani kutengeneza programu ya kupanga maisha mepesi. Msicheke, nami niliianza moja. Ina majedwali manne kwenye hifadhidata na haijawahi kumsaidia mtu.

Mtazameni Donald Knuth, yule wa The Art of Computer Programming. Aliacha barua pepe tarehe 1 Januari 1990, apate saa ndefu za kusoma na kuwaza bila kukatizwa. Programu yake ya kupanga kurasa, TeX, aliamua kwamba imekamilika: haiongezewi chochote, inasahihishwa makosa tu, na kila sahihisho huongeza tarakimu moja kwenye namba ya toleo ili ikaribie pai. Lile la mwaka 2021 ni 3.141592653. Knuth ni Mlutheri, na mwaka 1991 alichapisha kitabu kizima akichambua sura ya 3 aya ya 16 katika vitabu vingi vya Biblia. Sidai kwamba imani ndiyo iliyomwachisha barua pepe. Nasema tu kwamba mtu anayejua ameitiwa kazi gani haoni taabu kuyaacha mengine.

Mtaniambia huyo ni profesa mstaafu wa Stanford, hana bosi wa kumpigia simu saa nne usiku. Kweli kabisa, na hapo ndipo penye ugomvi wangu na Wakristo wenzangu wenye kampuni.

Amri ya sabato imeandikwa mara mbili. Katika Kutoka 20 sababu yake ni uumbaji. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni nyingine: kumbukeni mlikuwa watumwa Misri. Tena haimpumzishi mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumwa, kijakazi, mgeni, hata ng'ombe na punda. Sasa niambieni, punda apumzike, halafu kijana wa zamu ya seva asipumzike?

Bosi wangu mmoja wa zamani alikuwa mzee wa kanisa. Ibada ikiisha tu, ujumbe unaingia. Jumapili moja nilifungua tarakilishi juu ya meza ya chakula, mama akinitazama na sahani mkononi, amesafiri kutoka ushago kuja kuniona. Kilichoharibika? Rangi ya kitufe. Bosi aliiona haipendezi.

Lakini nisimtwike yeye mzigo wote. Ningeweza kusema kesho. Sikusema kwa sababu nilipenda kuonekana kwamba bila mimi mambo hayaendi, na hiyo ni ibada ya aina yake.

Siku hizi simu yangu inaingia droo Jumamosi jioni na kutoka Jumatatu asubuhi. Mifumo ya hospitali ni jambo jingine. Yesu mwenyewe aliponya siku ya sabato, na aliye zamu huko namheshimu. Mimi natengeneza tovuti za kuuza viatu. Viatu vinaweza kungoja. Mteja mmoja hakuweza kungoja, akaondoka, na mwezi huo kodi ya nyumba ilitutoa jasho.

Na kile kitufe nilikipitia majuzi. Walishakirudishia rangi yake ya kwanza.