Yasmin Analia, na Binti Yako Je?

Ndugu Msomaji, hapa Isevya nimewasikia akina baba wakiilaani senema ya Vuta N'kuvute (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Yasmin aliozwa mzee asiyempenda. Akakimbia, akampenda Denge kwa siri.

Mapenzi ya siri hayafai, sikatai. Lakini huzuni ile ilianzia wapi? Ilianzia kwa wazazi!

Bibi Khansaa binti Khidhaam aliozwa na babake bila ya ridhaa yake. Alishitaki kwa Mtume (S.A.W.), naye akaivunja ndoa ile.

Basi wewe unayepokea mahari, ambayo ni haki ya binti yako, naye yuko jikoni analia, una uso gani wa kumlaani Yasmin? Kamuulize kwanza binti yako!

Wallaahu aalam.