Vidonge vya lishe si badala ya chakula

Siku hizi ni jambo la kawaida kumkuta mama anayetaka kupunguza mwili anakunywa chai ya rangi asubuhi, anakula tunda moja mchana, usiku analala na maji, huku akijiliwaza kwamba kopo la vidonge vya lishe lililoko kabatini litafidia yote aliyojinyima. Mimi naona hapo tunadanganyana.

Kinachopunguza unene ni kupunguza kalori, basi. Kidonge cha vitamini hakiyeyushi mafuta mwilini. Kazi yake ni kuziba pengo, na pengo lipo kweli: anayekula chini ya kalori 1,200 kwa siku ni vigumu kupata madini ya chuma, kalsiamu na vitamini za kutosha. Akishuka chini ya 800, hilo si jambo la kujiamulia nyumbani bila daktari, maana hata mawe kwenye nyongo huweza kumpata. Protini nayo haimo katika kidonge cha vitamini. Asiyekula maharage, samaki wala yai hupoteza misuli pamoja na mafuta.

Basi kata pale pasipo na faida. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Vikombe vinne vya chai, kila kimoja na vijiko vidogo vitatu vya sukari, ni karibu kalori 190. Punguza huko, mchicha na dagaa ubaki navyo. Ukiandikiwa vidonge vya chuma, usivimezee chai, kwani chai huzuia chuma kisifyonzwe vizuri. Mjamzito asijinyime ili akonde. Na mwenye kisukari anayetumia insulini akikata chakula ghafla bila kumwambia daktari, sukari huweza kushuka hadi akazimia.

Ninachokiogopa zaidi ni vile vidonge vinavyosifiwa kuwa ni "mitishamba tupu". Sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhusishwa na mshtuko wa moyo na kiharusi. Hata baada ya hapo, wakaguzi wa Marekani wameikuta mara nyingi imefichwa ndani ya vidonge vya kukondesha, na kwenye lebo haikutajwa. Chai za kukondesha nazo, nyingi zina sanamaki ile ile ya wazee wetu ya kufungua choo. Unaharisha, mizani inashuka kwa sababu ya maji yaliyotoka, mafuta yako palepale, na potasiamu ambayo moyo unaihitaji inatoka nayo.

Kisha lipo suala la ganda la kapsuli. Mara nyingi ni jelatini, ambayo yaweza kutokana na ng'ombe, samaki au nguruwe. Lebo ikisema jelatini bila kutaja mnyama, muulize muuza dawa kabla hujalipa. Zipo kapsuli za mimea, na vipo vidonge vikavu visivyo na ganda kabisa.