Sukari ikishuka, nani atasoma simu?

Niliahidi kuendelea na mambo ya hifadhidata, lakini leo mniwie radhi. Kuna jambo linanisumbua na lazima nilitoe.

Mwezi uliopita nilimwandikia jirani yangu hapa Umoja programu ndogo ya simu. Ni mama anayejidunga insulini. Anaingiza kipimo chake. Kikiwa chini ya 4.0, simu inapiga kengele na kuandika kwa herufi nyekundu: "Sukari imeshuka. Chukua hatua." Nilijisifu kweli! Yeye akacheka: "Kijana wangu, saa hiyo hata kusoma siwezi."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimesahau swali la kwanza la kazi yetu: mtumiaji ni nani? Ubongo unategemea sukari. Ikishuka mtu anatetemeka, anatoka jasho, kisha anachanganyikiwa na kuongea ovyo. Na insulini haijui kwamba foleni ya Jogoo Road imekuchelewesha kula. Ukishajidunga, inaendelea na kazi yake.

Mfikirie mtu huyo ndani ya matatu ya Kayole saa mbili usiku. Makanga atasema nini? "Huyu amelewa." Atashushwa stejini, aachwe hapo. Anaweza kufa kwa kukosa vijiko vichache vya sukari!

Najua mtaniambia kuhusu vihisi vinavyobandikwa mkononi na kupima sukari usiku na mchana. Ni vizuri, na vingine hupiga kengele vyenyewe. Lakini kimoja hudumu wiki mbili hivi, kisha unanunua kingine. Ni wangapi Dandora watamudu? Na hata kikilia, bado anahitajika mtu wa kuleta sukari.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: tumwandikie jirani programu, si mgonjwa peke yake. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 haikuhitaji simu ya bei, kabambe ilitosha. Nimeanza upya. Sasa baada ya sindano mama anaulizwa kwa ujumbe mfupi kama amekula. Asipojibu kwa dakika kumi, watu watatu wa ploti yake wanapata ujumbe waende wamwangalie. Kunyamaza kwake ndiko kengele.

Ujumbe unawaambia hivi: akiwa macho na anaweza kumeza, mpeni vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au nusu ya soda ya mililita 300, si ile isiyo na sukari. Ngojeni dakika 15, mpime tena. Ikiwa bado iko chini, rudieni. Ikipanda, ale chakula. Akizimia, msimtie kitu mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na mtafute gari la hospitali mara moja.

Maneno hayo hayahitaji programu yoyote. Umeshayasoma. Kesho ukipanda matatu, mwambie makanga wako.