Luvungi: Kisanduku cha wifi ni cha nani, kama ufunguo wake uko kwa fundi?

Katika mji mdogo wa Luvungi, kwenye barabara ya kitaifa namba 5 kati ya Kamanyola na Sange, mtu anayetaka kuuza wifi hahitaji vitu vingi: kisanduku chenyewe, batri, pano ya jua na fundi kutoka Uvira au Bukavu. Fundi anafunga waya, anaandika jina la wifi na neno la siri watakalopewa wateja, anapokea dola zake, anapanda pikipiki na kwenda zake. Mara nyingi mwenye kisanduku haambiwi kwamba ndani mna mlango mwingine, wenye neno la siri lake pekee. Kwenye visanduku vingi vya bei ndogo, neno hilo ni lile lile lililowekwa kiwandani: jina ni «admin», na neno la siri ni «admin» vilevile.

Kisanduku cha wifi ni kompyuta ndogo isiyo na skrini. Ndani yake kuna mfumo wa kuendesha, mara nyingi Linux iliyopunguzwa ili iingie katika kumbukumbu ndogo. Kamera ya ulinzi juu ya mlango wa duka iko hivyo hivyo. Na kama kompyuta yoyote, vifaa hivi vina akaunti za watumiaji. Neno la siri la wifi linampa mteja intaneti tu. Akaunti ya msimamizi ndiyo inayoamua kila kitu: nani anaingia, njia ambayo habari zinapita, mlango gani unafunguliwa kwa watu wa nje. Watu wengi wanachanganya maneno haya mawili. Wanabadilisha lile la wateja kila wiki, kwa sababu vijana wamelisambaza mtaani, lakini lile la msimamizi halijaguswa tangu siku kisanduku kilipotoka kwenye karatoni.

Mtu atauliza: nani huko duniani anajali kisanduku cha Luvungi? Jibu ni kwamba hakuna anayekitafuta kwa jina. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai ilianza kuzunguka kwenye intaneti ikibisha hodi kwenye kila kifaa. Haikuwa na ujanja mkubwa. Ilibeba orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60, ikayajaribu moja baada ya jingine. Ilipofunguliwa mlango, kifaa kiliongezwa kwenye jeshi. Kamera na visanduku vingi vya watu wasiojua lolote vikawa vinatuma mafuriko ya maombi kwa mtu mmoja hadi azame. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi kama hilo liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa masaa.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya Afrika. Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, alitumia jeshi la aina hiyo kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia, kwa malipo kutoka kwa mtu wa kampuni shindani. Mashambulizi yalikuwa makali kiasi kwamba intaneti ya nchi yenyewe iliyumba. Mahakama ya London ilimfunga miaka 2 na miezi 8, Januari 2019. Wenye kamera zilizotumika hawakushitakiwa, na pengine hadi leo hawajui kwamba kamera zao zilisaidia kuangusha mtandao wa nchi maskini.

Kwa Luvungi hasara inaanzia mfukoni. Hapa mega zinanunuliwa kwa pesa, tena pesa ya shida. Kisanduku kilichotekwa kinakula mega usiku mtu akiwa amelala, na asubuhi muuzaji anawalaumu wateja au kampuni ya simu. Akikizima na kukiwasha, Mirai inafutika kwenye kumbukumbu na kila kitu kinakuwa sawa. Anasema kimepona. Kama neno la siri halijabadilishwa, kinaweza kutekwa tena kabla hata hajamaliza chai yake.

Fundi pia ana sehemu yake. Mafundi wengi ni watu waaminifu, na wengi wanaweka neno la siri moja kwa wateja wao wote ili wasisahau. Ni rahisi kuelewa sababu. Lakini anayelijua la duka moja anajua la maduka yote, na kijana aliyekuwa msaidizi wa fundi, kisha wakagombana juu ya malipo, ameondoka nalo kichwani. Anaweza kuangalia kupitia kamera ni saa ngapi mwenye duka anahesabu pesa. Akaunti ya mtu aliyeacha kazi inapaswa kufutwa siku ile ile, kama vile anavyorudisha ufunguo wa mlango.

Vita vimeongeza uzito wa jambo hili. Disemba 2025, mapigano yalipofika Luvungi na kushuka bonde la Ruzizi hadi Uvira, maelfu ya wakaaji walikimbia, wengi wakivuka kuingia Burundi. Mtu anayekimbia anabeba watoto na godoro. Habebi kisanduku cha wifi. Kifaa kinachobaki nyuma kinabaki na majina ya simu zilizowahi kuunganishwa, na kamera inabaki na picha za walioingia na kutoka. Tena, vifaa hivi vina kitufe kidogo kinachosukumwa kwa sindano ambacho kinarudisha kila kitu kuwa kama cha kiwandani, neno la siri likiwemo. Kwa hiyo kisanduku kinachoning'inia barazani hakina ulinzi hata kama neno lake lina herufi 20. Kiwekwe ndani, kwenye sanduku lenye kufuli.

Lakini si haki kumbebesha mama muuza wifi mzigo wote. Kuna kamera zilizouzwa duniani ambazo akaunti yao kuu, ile mafundi wanayoiita «root», ilikuwa na neno la siri lililochomelewa ndani ya mfumo. Mwenye kamera alibadilisha neno kwenye ukurasa wa mipangilio akadhani amefunga. Kumbe lile la ndani lilibaki wazi, na hakuwa na njia ya kuligusa. Kampuni moja ya China, XiongMai, ililazimika kuita baadhi ya kamera zake zirudishwe kutoka Marekani mwaka 2016. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, imekataza kuuza vifaa vya nyumbani vya intaneti vyenye neno la siri moja kwa wote. Vifaa visivyokubalika huko vitatafuta soko kwingine, na soko la bei ndogo liko huku.

Kongo ina Kodi ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inayoadhibu anayeingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa. Ni vizuri, ila inamngoja mwizi aingie kwanza. ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano, ndiyo yenye kazi ya kukubali vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa nchini, na ndiyo iliyoipa Starlink ruhusa mwaka 2025. Ingeweza kudai jambo moja: kifaa kisianze kufanya kazi mpaka mwenye nacho aandike neno la siri jipya la msimamizi.

Kinshasa iko mbali, na soko la Luvungi halitaingoja. Mnunuzi anaweza kuanza mwenyewe kwa kumwambia fundi: kabla ya kulipwa, fungua ukurasa wa msimamizi, nibadilishe neno mimi mwenyewe, nawe utazame pembeni.