TAHARIRI: MTUNGI UMEFIKA, MOTO UKO WAPI?

  

Ndugu Waislamu, katika vijiji vyetu vya Newala na Masasi siku hizi si ajabu kuingia katika nyumba ya mjane ukaukuta mtungi wa gesi wa kilo 6 umesimama pembeni mwa chumba, rangi yake haijachubuka, na juu yake pametandikwa kitambaa. Nje, chini ya kibanda cha nyasi, mafiga matatu yanafuka moshi kama yalivyokuwa yakifuka kabla mtungi haujaja. Ukimuuliza mwenye nyumba, atakujibu kwa haya: "Ustadhi, gesi iliisha." Iliisha lini? "Ah, zamani."

Mtungi huo haukuja wenyewe. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Sababu zilizotajwa ni nzito. Serikali inakadiria kuwa watu wapatao 33,000 hufa kila mwaka nchini kwa maradhi yanayotokana na moshi wa jikoni, na kwamba zaidi ya hekta 400,000 za misitu hupotea kila mwaka. Katika kutekeleza azma hiyo, Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulisambaza mitungi ya kilo 6 pamoja na vichomeo vyake kwa nusu ya bei, mwananchi akionyesha kitambulisho chake cha taifa, nusu ya pili ikalipwa na Serikali. Mitungi hiyo ilifika hadi wilayani kwetu, na watu walipanga foleni.

Tunasema wazi kwamba hili ni jambo jema, na asiyewashukuru watu hakumshukuru Allah. Wapo ndugu zetu ambao kila kitokacho serikalini hukitazama kwa jicho la shaka, na wanazo sababu zao, lakini uadilifu haumruhusu Muislamu kuikana kheri kwa kuwa tu haimpendezi aliyeileta. Mama aliyepikia gesi kwa wiki tatu alipumzika moshi kwa wiki tatu. Hilo si dogo kwa mtu ambaye macho yake yamekuwa mekundu tangu usichana.

Lakini kushukuru si kunyamaza. Mtungi ni chombo. Moto umo ndani ya gesi, na gesi hununuliwa upya kila inapokwisha. Kujaza mtungi wa kilo 6 kunahitaji zaidi ya shilingi elfu 20, na anayetoka kijijini kwenda mjini kuujaza huongeza nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Familia ya watu watano au sita ikipikia gesi kila kitu, maharage kwa ugali, mtungi huo hautimizi mwezi. Kwa hiyo nusu ya bei aliyosaidiwa mjane siku ya kwanza, anaidaiwa yote mwezi wa pili, na wa tatu, na wa nne. Kuni, kwa upande wake, hazimdai fedha. Humdai mgongo, macho na kifua.

Hapa yafaa tukumbuke fundisho la Mtume (SAW) lililopokelewa na Abu Daud na wengineo, kwamba Waislamu ni washirika katika mambo matatu: maji, malisho na moto. Wanavyuoni wamelijadili sana neno hili la moto. Wapo waliolifasiri kuwa ni kuni za porini zisizo na mwenyewe, na wapo waliosema ni kijinga cha kuwashia na mwanga wa kuangazia. Wazee wetu wa uwandani waliliishi hata wasiolisoma: alfajiri mtoto alitumwa kwa jirani na kigae, akarudi na kaa la moto, na hapakuwa na aliyeuliza bei. Katika Suratul-Maa'uun Allah (SW) amewakemea wanaozuia msaada mdogo mdogo, na katika waliyoyataja wafasiri kuwa ni maa'uun ni chungu, shoka, ndoo, na wengine wakaongeza moto. Sasa moto umetiwa ndani ya chuma na ukafungwa kwa koki. Huwezi kumgawia jirani kaa la gesi. Basi ushirika ule ambao zamani ulitimia kwa kigae utatimia vipi leo, kama si kwa njia ya Baitul-mali, yaani hazina ya umma, na kwa njia ya sadaka zetu?

Watu wa Mtwara tuna neno letu la ziada katika jambo hili. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay, huko Msimbati, mwaka 1982. Ilipokuja habari ya kuijengea bomba kwenda Dar es Salaam, Desemba 2012 watu waliandamana Mtwara mjini. Januari 2013 Masasi ikawaka moto, mali za umma na za watu zikateketezwa katika vurugu ambazo chanzo chake kilianzia kwa waendesha bodaboda na polisi. Na Mei 2013 Mtwara ikachafuka tena. Watu walipoteza maisha. Hatuandiki haya ili kuchokoa kidonda. Tunayaandika kwa sababu wengi wetu hadi leo tunaamini kuwa gesi iliyomo katika mtungi wa mjane yule ni ile ile ya Msimbati, inayotoka kwetu na kurudi kwetu kwa bei ya ulanguzi. Sivyo. Gesi ya Msimbati ni gesi asilia ambayo husafiri kwa bomba, na bomba hilo la zaidi ya kilomita 500, lililozinduliwa Oktoba 2015, lilishika njia ya pwani kwenda Dar es Salaam ambako sehemu kubwa ya gesi huzalisha umeme. Baadhi ya nyumba za Mtwara mjini zimeunganishiwa gesi hiyo jikoni. Ile ya mitungi ni nyingine kabisa: huagizwa nje kwa meli, hushushwa bandarini, kisha hupandishwa malori hadi kwetu. Kwa hiyo bei yake hufuata soko la dunia na hali ya barabara. Anayetaka kudai haki ni lazima ajue anadai kipi, la sivyo atajibiwa kwa neno moja na kurudishwa nyumbani.

Tunachodai ni hiki: ruzuku imfuate mtu hadi kwenye kujaza mtungi, na imfuate katika majira yake. Sisi ni watu wa korosho. Fedha huonekana kuanzia Oktoba, minada inapofunguliwa, na hadi Januari nyumba nyingi zina cha kushika. Inapofika Machi na Aprili fedha imekwisha, chakula cha ghalani kinapungua, mvua za masika zinanyesha, na kuni zimelowa. Mwanamke yeyote wa Kitangari au wa Ndanda atakwambia kuwa hakuna moshi kama wa ukuni mbichi ndani ya kibanda mvua inaponyesha nje. Yaani mwezi ambao moshi ni mbaya kuliko yote ndio mwezi ambao mtungi ni mkavu. Kama msaada ni mchache, na tunakubali kuwa ni mchache, basi uelekezwe miezi hiyo minne, Februari hadi Mei.

Tutaambiwa kuwa haiwezekani. Inawezekana, kwa sababu imekwisha kufanyika katika mambo mengine. Bei za mafuta zilipopanda mwaka 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni ili petroli na dizeli zisimshinde mwananchi. Hiyo ilikuwa ruzuku ya kitu kinachotumika kikaisha, si ya chombo. Salfa ya mikorosho nayo imekuwa ikiletwa na Serikali kwa wakulima walioandikishwa, ikapitia kwenye vyama vyetu vya msingi, kwa kuwa ilifahamika kwamba salfa ikija baada ya maua haina faida. Aliyeweza kufikiri hivyo kwa mkorosho aweza kufikiri hivyo kwa mama. Na kwa mjane asiye na mkorosho hata mmoja, ambaye daftari la AMCOS halimjui, lipo daftari la kaya maskini la TASAF.

Mfano wa kinyume nao upo. Katika bajeti ya mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400 kwa lita, ili kuwakomesha wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Kosa lilikuwa la wenye malori, na aliyelipa ni mwenye kibatari. Fuqahaa wameweka kanuni kwamba maamuzi ya mtawala juu ya raia zake yamefungwa na maslahi yao, na katika kupima maslahi hutazamwa kwanza mnyonge.

Kuhusu umeme tutasema kwa ufupi. Kuunganishiwa umeme vijijini ni shilingi 27,000, na nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi hununua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Hii ni ruzuku kubwa ambayo wengi wetu tunaitumia kwa taa na simu tu. Jiko la presha la umeme huivisha maharage bila kumaliza uniti moja. Ugumu ni bei ya jiko lenyewe, gharama ya kutandaza nyaya, na umeme kukatika, jambo ambalo mikoa ya Lindi na Mtwara imelizoea kuliko inavyostahili mikoa yenye gesi. Lakini mwenye uwezo wa kununua redio ya msikitini na vipaza sauti vinne asiseme kuwa hawezi kununua jiko.

Na hapo ndipo tunapojigeukia wenyewe. Imepokelewa kutoka kwa Aslam, mtumishi wa Umar bin Al-Khattab (RA), kwamba usiku mmoja nje ya Madina Khalifa alimkuta mwanamke ameinjika chungu cha maji ili kuwatuliza watoto wanaolia njaa. Alirudi mbio ghalani, akajitwika unga mgongoni mwake, akakataa kupokewa, na alipofika akainama mwenyewe kuupuliza moto, hata Aslam akauona moshi ukipenya katika ndevu zake. Huyu ni mtawala aliyeuonja moshi wa jiko la raia wake. Sisi walimu na maimamu, ni nani katika sisi ambaye mwaka huu amepuliza moto wa kupikia?

Nakiri kwa kalamu yangu kwamba madrasa ninayofundisha bado inapikia kuni. Amri iliyozitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024 haikutugusa, kwa sababu wanafunzi wetu wa bweni hawafiki idadi hiyo, nasi tukastarehe. Kila Alhamisi watoto huenda kuni, kama tulivyokwenda sisi, na tumekuwa tukiliita jambo hilo malezi. Huenda zamani, msitu ulipokuwa nyuma ya nyumba, yalikuwa malezi. Leo huenda mbali, hurudi jua limekwisha kuwa kali, na mpishi wetu, mama mtu mzima, anakohoa usiku kucha. Hakuna kudhuru wala kudhuriana katika dini yetu. Sikupata dalili ya kumtoa mpishi katika hukumu hiyo.

Zipo fedha. Msimu wa korosho unapokwisha, ni wangapi wanaotoa zaka? Wapo wanaosema kuwa katika madhehebu ya Imamu Shafii mazao yanayotolewa zaka ni ya chakula kikuu kinachohifadhika, na korosho haimo. Ni kweli, japokuwa Imamu Abu Hanifa amewajibisha katika kila kinachotoka ardhini. Lakini hata kwa kauli ya Shafii, fedha ya korosho iliyofikia nisabu na kukaa mwaka ina zaka yake bila ya ubishi, na fakiri ana haki ndani yake. Si lazima apewe unga peke yake. Akipewa zaka yake mwezi wa Machi, akajaza mtungi, amekidhi haja yake, na hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za misikiti zinazopokea jarida hili, Masasi na Newala, zifanye kazi moja kabla ya toleo lijalo. Baada ya sala ya Ijumaa wachaguliwe wanawake wawili katika kila msikiti, kwa kuwa wao ndio waingiao majikoni, wapite nyumba kwa nyumba, za Waislamu na za wasiokuwa Waislamu, kwani moshi haubagui. Wahesabu nyumba zilizopata mitungi na nyumba ambazo mitungi yake ni mikavu. Wasiandike majina ya watu. Hesabu hizo tutazikusanya kijiji kwa kijiji na kuzipeleka kwa madiwani na katika ofisi za wakuu wa wilaya zote mbili, pamoja na ombi la ruzuku ya kujaza. Na mbele ya kila nyumba yenye mtungi mkavu, waandike ni mwezi gani gesi iliisha.